Maswali ya Wasomaji: Vijidudu vya Joto Kali na Umeme Ndani ya Mawe

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi jinsi shaba na dhahabu zinavyoweza kuchenjuliwa kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi ndani ya asidi ya moto, na tukadokeza, kwa sentensi moja tu, kwamba kazi ya vijidudu hivyo kwenye madini ya salfaidi ni ya kiumeme. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua sita, na tumezipanga ili jibu la moja lisaidie kuelewa linalofuata.

Ndugu Mhariri, mliandika kwamba vijidudu hivi "hula" mawe, kisha aya iliyofuata mkasema kazi yao ni ya kiumeme. Jiwe halina waya wala betri. Umeme huo unatoka wapi, na kijidudu kinakula nini hasa?
*Mwanafunzi wa kemia, mwaka wa pili*

Neno "hula" lilikuwa kosa letu, na tunaliondoa. Madini ya salfaidi ni yale ambamo metali imeungana na salfa: pairiti (FeS2), kalkopairiti (CuFeS2), galena (PbS), sfaleriti (ZnS) na ndugu zao. Mengi kati yake ni nusu-vipitishi, yaani elektroni zinaweza kusafiri ndani ya fuwele zake, ingawa si kwa wepesi wa waya wa shaba. Kwa sababu hiyo punje ya kalkopairiti iliyotumbukizwa kwenye asidi tayari ni elektrodi, yaani mahali pa kubadilishana elektroni na maji, hata kama hakuna aliyeifunga waya. Mahali pamoja juu ya uso wake salfaidi hupoteza elektroni na metali huachiliwa iingie majini. Hapo ndipo anodi. Mahali pengine, labda umbali wa maikromita chache tu, elektroni hizohizo hupokewa na kitu kilichoyeyuka majini; hapo ndipo kathodi. Elektroni haziwezi kurundikana, hivyo kasi ya kutoka hulazimika kulingana na kasi ya kupokewa, na punje hutulia kwenye volteji ile ambayo kasi hizo mbili zimekuwa sawa. Tutaiita volteji mseto. Anayemdhibiti mpokeaji wa elektroni anaidhibiti volteji hiyo, na jiwe huyeyuka haraka au polepole kwa kuifuata.

Katika asidi yenye chuma, mpokeaji mkuu ni ioni ya chuma(III), yaani chembe ya chuma iliyopungukiwa elektroni tatu. Kizio kimoja cha kalkopairiti kinahitaji ioni 4 za chuma(III) ili shaba itoke na salfa ibaki kama salfa tupu. Pairiti, ambayo salfa yake huoksidishwa mpaka kuwa salfeti, inahitaji 14. Kila ioni iliyopokea elektroni inageuka kuwa chuma(II), ambacho hakifai tena kwa kazi hiyo. Kisipooksidishwa upya, mmenyuko hufifia ndani ya muda mfupi na jiwe hubaki lilivyo.

Chakula cha kijidudu ni chuma(II) hicho. Kijidudu hukinyang'anya elektroni, huipitisha kwenye mnyororo wa protini zake mpaka kwa oksijeni, na katika safari hiyo hujipatia nishati ya kujenga mwili wake kutokana na kaboni dayoksaidi. Ni chakula duni mno. Tofauti ya volteji kati ya chuma na oksijeni katika asidi ya pH 2 (pH ikiwa ndogo, asidi ni kali) ni kama theluthi moja ya volti tu, kwa hiyo kijidudu hulazimika kuoksidisha chuma kingi sana ili kujenga mwili mdogo sana, na mchenjuaji ndiye anayefaidika na dhiki hiyo. Mwaka 1970 Singer na Stumm walionyesha, kwa maji yenye asidi yanayotoka migodini, kwamba bakteria huharakisha uoksidishaji wa chuma(II) kwa takriban mara milioni moja kuliko oksijeni ikiachwa peke yake.

Kazi ya pili ni kusafisha. Salfa tupu inayobaki juu ya punje haipitishi umeme, na vijidudu vingi vya aina hii huioksidisha na kuigeuza asidi ya salfuriki. Basi kuna mikono miwili: mmoja unaishika volteji ya maji, mwingine unapangusa uso wa jiwe. Wasomaji wakishika hilo, yaliyobaki katika safu hii yatawaelea.

Huenda ukasoma mahali kwamba kijidudu hugusa jiwe na kuchota elektroni moja kwa moja. Mjadala huo ulidumu miaka mingi. Wengi sasa wanakubali kwamba kijidudu kilichojibandika kwenye jiwe hufanya kazi ileile ya chuma(III), ila huifanya ndani ya ute wake, ambamo ioni za chuma zimesongamana kuliko zilivyo kwenye maji ya kawaida. Kukaribiana huko kuna manufaa makubwa, lakini kemia haibadiliki.

Je, ni viumbe gani hasa wanaoweza kuishi kwenye asidi ya nyuzi 70? Mbona hawapikiki?
*Msomaji wa miaka mingi*

Wanaofanya kazi kwenye nyuzi za Selsiasi 65 hadi 80 ni arkea, tawi la uhai ambalo Carl Woese na George Fox walilitenganisha na bakteria mwaka 1977. Utando wa seli zao umejengwa kwa mafuta yenye viungo vya etha, ambavyo asidi na joto haviwezi kuvikata kwa urahisi, na mara nyingi molekuli moja hupenya utando mzima kutoka upande wa nje hadi wa ndani, kama pini. Ndani ya seli hali inakaribia kutokuwa na asidi, ilhali nje pH ni 2 au pungufu.

Thomas Brock na wenzake walieleza jenasi ya *Sulfolobus* mwaka 1972 kutokana na chemchemi za moto, zikiwemo za Yellowstone. *Metallosphaera sedula* ilitoka Pisciarelli karibu na Napoli, Italia, na ikapewa jina mwaka 1989. Neno *sedula* ni la Kilatini, maana yake mwenye bidii, na waliomwona akifanya kazi juu ya mawe wanasema jina halikukosewa. *Sulfolobus metallicus* ilitoka Aisilandi, na ikaelezwa mwaka 1991. Chini yao kijoto, kwenye nyuzi 45 hadi 55, wapo bakteria wa joto la wastani kama *Acidithiobacillus caldus*, ambaye huoksidisha salfa lakini hagusi chuma, na *Sulfobacillus thermosulfidooxidans*, ambaye huweza vyote viwili. Tofauti hiyo ya tabia tutaihitaji katika swali la nne.

Ninafundisha fizikia. Kanuni ya Arrhenius inatosha kueleza kwa nini jiwe huyeyuka haraka likipashwa joto. Kwa nini basi tusipashe asidi na chuma(III) tukaachana na vijidudu? Na je, joto linabadilisha volteji yenyewe, au kasi tu?
*Mwalimu wa sekondari*

Mwalimu, swali lako lina sehemu mbili, na ya pili huwa inasahauliwa.

Tuanze na kasi. Tuchukue, kwa mfano, nishati ya kuanzisha mmenyuko kuwa kilojuli 75 kwa moli, thamani isiyo ya ajabu kwa kalkopairiti. Kutoka nyuzi 30 hadi 70, kanuni ya Arrhenius, inayohusianisha joto na kasi ya mmenyuko, inatoa ongezeko la kasi la zaidi ya mara 30. Ukirudia hesabu kwa kilojuli 20, ambazo ni za mmenyuko unaocheleweshwa na ioni kusafiri tu ndani ya maji, unapata mara mbili na nusu. Wanafunzi wako wanaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni, na itawaonyesha kwa nini joto ni silaha dhidi ya kalkopairiti hasa: kinachoichelewesha kiko kwenye uso wa jiwe wenyewe, na huko ndiko joto lina nguvu.

Sasa volteji. Katika mlinganyo wa Nernst, unaohusianisha volteji na uwiano wa ioni, kila mara uwiano wa chuma(III) kwa chuma(II) unapozidishwa kwa kumi, volteji ya maji hupanda milivolti 59 kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 70 hupanda milivolti 68. Kwa hiyo kijidudu kinachoushikilia uwiano kwenye 1,000 kwa 1 hupandisha volteji milivolti 204 juu ya ile ya uwiano wa 1 kwa 1, wakati kwenye nyuzi 25 uwiano huohuo ungetoa 177 tu. Joto, basi, linaukuza pia ule ushawishi ambao kijidudu kinao juu ya volteji.

Kuhusu kuachana na vijidudu: jaribu, na mwanzoni utapata matokeo mazuri. Chuma(III) ulichoweka kitafanya kazi, uwiano utaporomoka, na sindano ya voltimita itashuka nao. Ili kuendelea utalazimika kuongeza kioksidishaji kila mara, au kufungia kila kitu kwenye mitungi ya shinikizo kubwa yenye oksijeni, yenye joto lililopita nyuzi 150, ambako kemia inajitosheleza bila uhai wowote. Mitungi hiyo ipo na inafanya kazi vizuri, ila ni ya gharama na inahitaji uangalizi mkali.

Joto nalo lina deni lake. Kwenye nyuzi 70 mvuke wa maji pekee hushika karibu asilimia 31 ya shinikizo la hewa, na oksijeni inayoyeyuka kutoka kwenye hewa ya kawaida hupungua hadi nusu hivi ya ile ya nyuzi 25. Kijidudu hukosa pumzi wakati jiwe linadai chuma(III) kingi zaidi. Ndiyo maana matangi ya joto kali hupulizwa hewa iliyoongezwa oksijeni. Kwa maoni yetu, mtu anayelinganisha nyuzi 40 na nyuzi 70 bila kupima oksijeni iliyoyeyuka hajalinganisha kitu.

Nimesoma kwamba volteji ikipanda kupita kiasi kalkopairiti hugoma kutoa shaba. Lakini ninyi mnasema kijidudu husaidia kwa kuipandisha volteji. Kauli hizi mbili zinaishije pamoja?
*Mhandisi wa uchenjuaji*

Zinaishi pamoja kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo kiini cha somo zima.

Kwa pairiti hakuna utata: volteji ikipanda, inayeyuka haraka zaidi. Kalkopairiti ni kaidi. Ukiipandisha volteji yake polepole kwenye maabara, mkondo wa umeme huongezeka kwanza, kisha hufika mahali ukadumaa au ukashuka, ingawa shaba nyingi bado imo ndani. Uso umefubaa. Umefubazwa na nini, hilo limegombaniwa kwa miongo kadhaa, na watuhumiwa ni wanne: salfa tupu iliyofunika uso, minyororo ya salfa inayoitwa polisalfaidi, tabaka la salfaidi lililopoteza chuma chake kwanza, likabaki na muundo usiopitisha elektroni vizuri, na jarositi, chumvi ya manjano ya chuma na salfeti inayoganda pale chuma(III) kinapozidi na asidi inapopungua. Sisi tunaona kwamba sehemu ya ubishi imetokana na kila kundi kufanya kazi kwenye joto lake na pH yake, kisha kulitaja jibu lake kana kwamba ni la mahali pote. Kwenye nyuzi 30 na pH 2, jarositi inaonekana kwa macho. Kwenye nyuzi 70 na pH 1.2, huenda usiione kabisa wakati uso umefubaa vilevile.

Mwaka 1997 Naoki Hiroyoshi na wenzake nchini Japani walichapisha jambo lililowashangaza wengi: kuongeza chuma(II), ambacho kwa hesabu ya kawaida hupunguza nguvu ya kuoksidisha, kulifanya kalkopairiti iyeyuke haraka zaidi. Maelezo waliyoyajenga baadaye yana hatua mbili. Volteji ikiwa ya wastani, na majini kukiwa na chuma(II) na ioni za shaba, kalkopairiti hupokea elektroni kwanza na kugeuka kalkositi (Cu2S). Kisha kalkositi, ambayo ni nyepesi kuyeyuka, huoksidishwa na kuachia shaba. Volteji ikipita kiwango fulani, hatua ya kwanza haiwezekani tena, na jiwe hubaki na ile njia ya moja kwa moja ambayo ni ya polepole. Ukanda unaotajwa mara nyingi uko karibu na milivolti 400 hadi 450 ukipimwa kwa elektrodi rejea (ile ya kulinganishia, yenye volteji inayojulikana) ya fedha na kloridi ya fedha, ingawa husogea kulingana na kiasi cha shaba na chuma kilichomo majini.

Sasa mtazame mchenjuaji aliyejaza tangi lake bakteria mahodari wa kuoksidisha chuma. Baada ya siku chache chuma karibu chote ni chuma(III), voltimita inasoma zaidi ya milivolti 600, na yeye anafurahi kwa sababu vijidudu vyake vina afya. Shaba imesimama. Vijidudu vimefaulu kazi yao kupita kiasi.

Vijidudu vya joto vinaisaidia hali hii kwa njia tatu zisizo na uzito sawa. Kubwa kuliko zote ni joto lenyewe, ambalo huvunja ukaidi wa tabaka lile la uso kiasi kwamba hata nje ya ukanda mzuri kalkopairiti huendelea kutoa shaba kwa kasi inayofaa. Ya pili ni kwamba arkea hawa huoksidisha salfa kwa bidii, na salfa inayozaliwa juu ya punje haipati nafasi ya kuwa gamba nene. Asidi wanayoizalisha huishusha pH na hivyo huichelewesha jarositi. Ya tatu inategemea ufundi wa anayeendesha tangi. Katika mchanganyiko wa joto la wastani, ukimpa nafasi kubwa *Acidithiobacillus caldus*, yule asiyegusa chuma, salfa itapanguswa bila volteji kupandishwa, na ukipunguza hewa kidogo wale wa chuma watapunguza mwendo. Ni kama kuendesha chombo kwa usukani wa oksijeni huku macho yakiwa kwenye voltimita.

Fedha pia husaidia. Kiasi kidogo cha ioni za fedha hutengeneza salfaidi ya fedha juu ya kalkopairiti na kuufungua uso kwa umeme. Tatizo lake ni kwamba ioni hizohizo ni sumu kwa vijidudu, na mwenye kuzitumia hutembea kwenye kamba nyembamba.

Ushauri wetu ni huu: usiulize vijidudu vyako vina nguvu kiasi gani kabla ya kuuliza jiwe lako linataka volteji gani. Makinikia yenye pairiti nyingi na dhahabu ndani yake yapandishie volteji kadiri unavyoweza. Ya kalkopairiti yashikie katikati, na yapashe joto.

Ninaandaa mradi wa mwisho wa shahada. Nitatumia kipande cha kalkopairiti kama elektrodi, mara moja kwenye maji yenye arkea hai na mara moja kwenye maji yasiyo na kiumbe, kisha nilinganishe mikondo. Kuna mitego gani?
*Mwanafunzi wa uhandisi wa madini*

Mtego wa kwanza unaweza kuuharibu mradi wote. Maji yenye arkea hai yatakuwa na chuma(III) kingi, na yale mengine yatakuwa na chuma(II). Ukiona tofauti ya mkondo, utakuwa umepima tofauti ya chuma, na hutajua lolote juu ya arkea. Maji ya kulinganishia yapewe uwiano uleule wa chuma, pH ileile na kiasi kilekile cha salfeti. Ongeza na jaribio la tatu lenye arkea waliouawa, ili ujue kama ute na mabaki ya seli pekee yanabadilisha uso.

Mtego wa pili ni elektrodi rejea. Ile ya fedha na kloridi ya fedha yenye kloridi ya potasiamu iliyokolea husoma karibu volti 0.2 juu ya elektrodi ya hidrojeni kwenye nyuzi 25, lakini thamani hiyo hushuka joto linapopanda, na kosa la makumi ya milivolti linatosha kukutoa nje ya ukanda tuliouzungumzia. Iweke kwenye chumba chake cha pembeni chenye joto la kawaida, au sahihisha kwa jedwali. Pia inavuja. Potasiamu inayovuja huita jarositi, na kloridi hubadilisha tabia ya kalkopairiti na kuwaudhi baadhi ya arkea. Tumia daraja la pili lenye salfeti.

Kuhusu chakula cha vijidudu: wengi huchukua kimiminika cha kuoteshea cha 9K cha Silverman na Lundgren, cha mwaka 1959, kwa mazoea. Kinaitwa hivyo kwa sababu kina gramu 9 hivi za chuma kwa lita, na pamoja na potasiamu na amonia iliyomo ni mazingira mazuri mno kwa jarositi. Kilibuniwa kwa bakteria wa joto la kawaida. Tafuta chenye chuma kidogo na amonia kidogo.

Mengine ni madogo: maji hukauka haraka kwenye nyuzi 70, kwa hiyo funga chombo na urudishe mvuke, na vipande viwili vya kalkopairiti kutoka mgodi mmoja vinaweza kutofautiana kwa upitishaji kuliko maji yako mawili, kwa hiyo kipande kimoja kikatwe na kung'arishwa upya kwa kila jaribio. Usitegemee mkondo wa muda mfupi pekee. Pima pia ukinzani wa uso kwa umeme geu wa masafa mbalimbali, siku baada ya siku, kwa sababu kazi ya kupangusa salfa huonekana polepole.

Mimi ni mchimbaji mdogo. Mawe yetu yana pairiti na arsenopairiti, na dhahabu haitoki vizuri kwa sianidi hata tukisaga mpaka unga. Vijidudu hivi vinaweza kutusaidia? Na rafiki yangu anauliza: kama jiwe ni betri, linaweza kuwasha taa?
*Mchimbaji*

Dhahabu yako huenda imefungiwa ndani ya fuwele za salfaidi katika chembe ndogo kuliko kusaga kunavyoweza kufikia, na sianidi haiingii humo. Kuyeyusha salfaidi kwa vijidudu huifungua. Kiwanda cha Fairview huko Barberton, Afrika Kusini, kimefanya hivyo tangu 1986, na Obuasi nchini Ghana ikafuata mwaka 1994, vyote kwa joto la nyuzi 40 na kitu. Huko Kasese, Uganda, kuanzia 1999 mbinu ya jamii hiyo ilitoa kobalti kutoka kwenye pairiti iliyobaki baada ya uchimbaji wa shaba wa Kilembe, nayo kwa nyuzi 42 hivi. Arkea wa joto kali walitumika kwenye kiwanda cha mfano cha Chuquicamata nchini Chile mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu na nyuzi 80, na huko lengo lilikuwa kalkopairiti.

Mawe yako mawili yakigusana, umeme unakusaidia bure. Salfaidi mbili zinazogusana ndani ya asidi huwa kama betri ndogo: yenye volteji ya juu hulindwa, ya chini huliwa. Katika vipimo vinavyonukuliwa sana pairiti ina volti 0.66 dhidi ya elektrodi ya hidrojeni, kalkopairiti 0.56, sfaleriti 0.46 na galena 0.40. Arsenopairiti, salfaidi ya chuma yenye aseniki, nayo huoksidishwa kabla ya pairiti, hivyo pairiti huwa kathodi na kuisukuma iyeyuke. Vijidudu vinaimarisha jambo hili kwa kuondoa salfa ambayo ingetenganisha punje zinazogusana. Kama dhahabu yako iko zaidi kwenye arsenopairiti, huna haja ya kumaliza pairiti yote.

Joto nalo huja lenyewe. Pairiti ikioksidishwa na oksijeni hutoa zaidi ya kilojuli 1,000 kwa kila moli, na lundo kubwa la mawe huweza kupata moto katikati mpaka bakteria wa kawaida wakawapisha wa joto la wastani, na hao wakawapisha arkea.

Lakini usijaribu hili uani. Arsenopairiti ikiyeyuka, aseniki huingia majini, na lazima igandishwe pamoja na chuma kwa utaratibu unaosimamiwa. Hatari ya pili ni ya haraka zaidi: unga uliotoka kwenye asidi ukikutana na sianidi kabla ya kuondolewa asidi yote kwa chokaa hutoa gesi ya sianidi hidrojeni, ambayo huua. Salfa isiyooksidishwa kikamilifu nayo hula sianidi na kuigeuza thiosianeti, ikakupandishia gharama. Hilo ni eneo mojawapo ambapo arkea wa joto kali, kwa kuimaliza salfa, wana faida ya kweli. Kazi hii inahitaji ushirika wenye mkemia.

Kuhusu taa, mwambie rafiki yako kwamba jibu liko chini ya bahari. Chemchemi za moto za kina kirefu ziligunduliwa karibu na Galápagos mwaka 1977, na mabomba ya salfaidi yanayotoa maji meusi yakaonekana mwaka 1979 kwenye Pasifiki ya mashariki. Ukuta wa bomba hilo una maji ya moto yenye hidrojeni salfaidi ndani na maji baridi yenye oksijeni nje. Mwaka 2010 Ryuhei Nakamura na wenzake walionyesha kwamba ukuta wenyewe hupitisha elektroni kutoka ndani kwenda nje, na mwaka 2017 vipimo vilivyofanywa kwenye sakafu ya bahari ya Okinawa vikathibitisha kwamba umeme huo upo kweli. Arkea waliochukuliwa kwenye mabomba kama hayo wameota maabara juu ya elektrodi kwenye nyuzi 80. Taa nayo imewaka: mwaka 2013 Masahiro Yamamoto na wenzake walieleza jinsi walivyoweka elektrodi moja kwenye maji ya moto na nyingine kwenye maji baridi ya bahari, wakawasha taa ndogo za LED palepale chini. Elektrodi hizo, hata hivyo, walikwenda nazo wenyewe, na kazi hiyo haikuhitaji kijidudu hata kimoja.